Fedha ya Mchezo

Zamu yangu ya mchezo iliangukia Jumamosi:
wanawake kumi na wawili, laki laki.
Kijumbe alizihesabu mara mbili,
akazifunga kwa raba ya nywele, akauliza,
"Haya, Sikujua, unanunua nini?"
Zuwena alinunua friji. Mama Tabu, mabati.
Nikasema, "Mashine."
Wakadhani cherehani.
Sikuwasahihisha.

Kariakoo, ghorofa ya tatu, ngazi zinanuka risasi ya kuchomelea.
Duka la Mkumbo lina upana wa mlango wake.
Akanionyesha kasha la kioo, feni sita
zinawaka kama ukumbi wa harusi Magomeni.
"Dada, mtoto atafurahi."
"Mtoto yupi?"
Akakohoa. Akazima taa.

Mimi nauza nondo na saruji Mbagala, mwaka wa tisa huu.
Nimewaona wanaoanza na marumaru
halafu wanarudi kuniuliza bei ya kuziba ufa.
Nikafungua daftari.

Ubao mama na prosesa, laki tatu na themanini:
si prosesa ya mwaka huu wala ya mwaka jana,
ila ina kichwa, haibabaiki.
Ramu, sabini. Diski isiyozunguka, tisini.
Hapo Mkumbo akalaza kadi mbili za picha juu ya kaunta
kama muuza khanga anavyolaza doti,
akanyamaza, anajua kazi yake.

Ya laki tano: ndefu, nyeusi, feni tatu,
imepulizwa vumbi juzi tu. Nikainusa.
Hii imekesha miaka ikimchimbia mtu sarafu.
Ya laki tatu na nusu: fupi, ina mkwaruzo ubavuni,
waranti mwezi mmoja, ya mdomo.

Moyo ulikwenda kwa ile ndefu, nisidanganye.
Nilijumlisha mara nne nikitafuta pa kukata,
na kila nilipokata kisu kiliangukia pawa saplai.
"Ipo ya elfu thelathini na tano," akasema Mkumbo.
Nikaipima mkononi: nyepesi kama boflo.
Nikaukumbuka umeme wa mtaa wetu,
unavyorudi saa mbili usiku na hasira zake,
ulivyoondoka na redio ya baba,
ulivyoondoka na friji ya Zuwena
haijagandisha hata barafu ya kwanza.

Basi nipe ile nzito, laki na thelathini.
Na kadi fupi.
Na kasha la bati, arobaini;
atakayetaka kuona ndani afungue.
Skrini ya inchi ishirini na mbili, laki na ishirini,
ina doa pembeni, punje moja ya mchele.
Kibodi ninayo, ya dukani kwetu, herufi A imefutika.
Imebaki elfu ishirini.
Hiyo ni ya Luku.

Temeke, kibanda cha gemu cha Mshamu, mechi moja mia mbili.
Hemedi na Sudi wamekaa kwenye kreti za soda,
mimi nimesimama nyuma, mshika sarafu,
kiganja kinanuka chuma mpaka usiku.
"Wewe zamu yako mwishoni."
Mwishoni sarafu zilikuwa zimekwisha,
tukarudi nyumbani, wao wakibishana goli,
mimi nimebeba viatu vyao.

Jumatatu usiku nimeifunga mwenyewe,
juu ya meza ya kupigia pasi, bisibisi ya kuazima.
Nikabonyeza. Kimya.
Jasho. Nikavunja ukucha nikitafuta waya niliousahau,
mwembamba, wa pini nane, umejikunyata nyuma ya feni.
Nikabonyeza tena.
Ikavuta pumzi.

Laki ya mwezi ujao sijui itatoka wapi;
mchezo haujui udhuru, na kijumbe ana mdomo.
Kesho hiyo.
Skrini inaniuliza jina la mchezaji.
Naandika kwa kidole kimoja, taratibu: SIKUJUA.
Herufi A imefutika,
lakini najua ilipo.