Joto la Chumba

Swali la tatu, karatasi ya Hidaya:
taja hali za hidrokaboni hizi katika joto la chumba.
Ameegemeza kiwiko kwenye meza ya jikoni,
koti bado mwilini, kofia bado kichwani,
maana Bi Halyna, mwenye nyumba,
amekifungia kidhibiti joto ndani ya kijisanduku cha plastiki
na ufunguo anatembea nao kwenye sidiria.
Kumi na saba. Hakipandi, hakishuki.
Kitabu kinasema ishirini na tano.

"Anza na wadogo," namwambia.
Methani: kaboni moja, hidrojeni nne zimeishika.
Gesi. Haina rangi, haina harufu.
Ndiyo hiyo inayonguruma chini ya sakafu, ndani ya tanuru,
inateketea ili chumba kipate kuitwa chumba.
Ethani, gesi. Propani, gesi:
hiyo naijua kwa mkono, naijaza mitungini tangu alfajiri,
glavu zimekakamaa kama ng'onda.
Butani.
Hapo anasita. Anachomoa kiberiti changu mfukoni
(sigara niliziacha Ramadhani; kiberiti kilikataa kuachika)
anakiinua kwenye taa, ndani maji yanacheza.
"Mama, mbona hii si gesi?"

Imebanwa, mwanangu.
Toboa hapo uone kama itakuaga.
Na juzi, kituo cha basi, thelathini na moja chini ya sifuri,
nilibonyeza, nikabonyeza, cheche tupu.
Butani ilikuwa imelala.
Nikaitia kwapani, chini ya sweta tatu,
nikahesabu hadi mia mbili,
basi likapita, ikaamka.

Pentani sasa. Kaboni tano.
Kimiminika, anaandika, kwa wino wa kijani.
Ni kweli. Hapa Edmonton ni kweli.
Lakini pentani huchemka kwenye thelathini na sita,
na swali hili hili nimelifundisha
Garissa, mwezi wa Machi, saa nane mchana,
bati linalia, chaki inateleza kwa jasho,
watoto arobaini na tisa kwa sauti moja:
ki-mi-mi-ni-ka!
Hakuna aliyenyosha kidole:
mwalimu, chumba gani?
Wala mimi sikujiuliza. Mtihani ulitaka neno moja, nikawapa.
Tungekuwa na chupa yake nikaifungua,
ingetoroka darasani kabla ya kengele.

Heksani, oktani, tunapita haraka,
chai inapoa.
Hadi kaboni kumi na sita. Heksadekani.
Hidaya anapitisha kidole kwenye jedwali,
anarudi, anapitisha tena:
huganda kwenye kumi na nane.
Ananitazama. Anatazama kijisanduku ukutani.
Ishirini na tano, kimiminika.
Kumi na saba, yabisi, nta,
kitu cha kukata kwa kisu.
Nyuzi moja tu, Mama. Moja na kidogo.

Nilimwambia aandike kitabu kinavyotaka.
Alama ni alama, nikasema,
kwa sauti ile ile ya Garissa, nikaisikia.
Aliinama. Aliandika muda mrefu, kiganja kikifunika mstari.

Ijumaa karatasi imerudi.
Methani, vema. Propani, vema. Butani, vema.
Penye kumi na sita ameandika:
inategemea Bi Halyna.
Nusu alama.
Na pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwandiko wa Bwana Desrosiers:
Bi Halyna ni nani?