Mkanda wa Nne

Mikanda mitatu ilifika Nakuru. Wa nne ulibaki Kisumu,
kwenye behewa la mizigo, wakasema, au kwa karani mlevi.
Sisi tulishalipa shilingi mbili mbili,
tumebanana Bondeni, ukumbini nyuma ya kinu,
unga ukielea ndani ya mwanga wa projekta
hata theluji ya Uchina ikanukia mahindi.

Na yule mwanamke! Panga mbili mgongoni,
kijiji chao kimechomwa kwa deni la kodi ya mpunga.
Mkono mmoja anakunywa chai,
wa pili unadaka mshale, wala hautazami.
Chai haikumwagika.
Tulipiga mbinja mpaka midomo ikakauka.

Kisha daraja la kamba. Askari arobaini huku, arobaini kule.
Akafuta jasho kwa ncha ya msuko wake,
na shuka ikawa nyeupe.
Pap.

"Pesa zetu!" Viti vikaanza kuruka.
Mwenye ukumbi akajifungia na kasha lake.
Ndipo akainuka Rasoa Khavere, shangazi yangu,
kibarua wa ghala la pareto, vumbi la maua bado kwenye nyusi,
akasimama mbele ya shuka, kivuli kikimshinda urefu.
"Nyamazeni. Mimi najua alichofanya."

Kichina hakijui. Maandishi ya chini
alikuwa akiniuliza mimi, nami nilikuwa nikibuni.

"Hakuwapiga. Themanini ni wengi, tusidanganyane.
Aliwaita. Wewe, mwana wa mfinyanzi,
mama yako alikufa akila makapi. Na wewe,
mara ya mwisho kulipwa ilikuwa lini?
Wakatazamana. Hawakuwa wamelipwa tangu mavuno.
Wa upande huu wakamnyoshea mkono, wakamvuta,
akakata kamba.
Hakimu akabaki ng'ambo na mihuri yake."

Hakuna aliyedai pesa. Mzee Otwoma, fundi wa baiskeli,
aliuliza tu: "Na zile panga?"
"Alilimia," akasema Rasoa.

Jumatatu, ghalani, karani aliweka tena
kidole gumba chake juu ya mizani.
Shangazi akateremsha gunia. Kimya.
Akafuta jasho kwa ncha ya leso.
Nyuma yake likashuka gunia la Kwamboka,
kisha la Tapsubei, puu,
kisha sikuweza kuhesabu kwa vumbi.

Juzi binti yangu kanionyesha mwisho wenyewe, simuni:
mishale, maji, msuko ukielea.
Picha safi kabisa.
Nimemwambia huo ni mkanda mwingine.