Ukingo

Upepo wa Dodoma umeingia tena maabara
kwa lile dirisha ambalo fundi analiahidi tangu Machi.
Umeninywea matone kumi na moja kabla sijaandika saa.
Yamebaki mabaka tu,
kama udenda wa mtoto kwenye foronya.

Nilitaka mistari.

Mchana nikaiba bakuli la kioo la Nyemo, lile la wali,
nikafunika tone la kumi na mbili,
pembeni pamba iliyoloa kiyeyushi, hewa ishibe
iache pupa.
Kisha nikaketi. Kazi yangu ndiyo hiyo, kukaa
nikitazama kimiminika cha rangi ya chungwa
kikiondoka bila kuaga.

Ukingo wa tone hukwama.
Ndani, maji (si maji, lakini niseme maji)
hukimbilia pembeni yamebeba minyororo ya kaboni,
kifungo kimoja, viwili, kimoja, viwili,
mwendo wa mtu aliyevaa kiatu mguu mmoja.
Minyororo hulala ubavu kwa ubavu,
hugeuka zambarau, zabibu ya Hombolo iliyoiva.
Ukingo ukichoka kushika, huachia,
huteleza kidogo, hukwama tena.
Mstari. Nafasi. Mstari.
Hakuna aliyechora.

Nimewahi kuona hivi. Bahi,
mwaka ule mvua ilipokatika mapema,
maji ya mbuga yalirudi nyuma kwa vituo,
na kila yalipopumzika yaliacha utepe mweupe.
Shangazi Mboneche aliukwangua kwa kigae,
akasema maji yana adabu, hayahami bila kulipa kodi.
Sikucheka. Nilikuwa na kiu,
na chumvi ilikuwa imeingia kwenye kidonda cha kisigino.

Saa kumi na dakika ishirini umeme ukakatika.
Darubini ikafa jicho.
Nikakitoa kioo, nikakiinua dirishani,
palepale penye upepo wangu adui,
na jua la jioni likapita katikati ya mistari
likavunjika rangi ukutani, juu ya kalenda ya mwaka jana.

Nimehesabu kwa lenzi ya mkono: mia moja na nne.
Wa thelathini na moja umepinda.
Hapo ndipo Nyemo alipobamiza mlango
akidai bakuli lake.

Nimemwomba alale nalo njaa siku moja.
Kesho, umeme ukirudi,
nitagusisha sindano mbili kwenye mstari huo uliopinda
niuulize kama unapitisha.