Siku ya Mia na Sita

Redio ya Wichita imesema mia na sita.
Natoa thelathini na mbili, nazidisha kwa tano,
nagawa kwa tisa, napotea njiani.
Nassoro, mwanangu, ananicheka:
"Mama, ni moto tu. Hauhitaji hesabu."

Kazini wananiambia, wewe wa Tabora umezoea.
Nimezoea nini?
Joto la kwetu lina adabu:
hubisha hodi asubuhi, mchana hukaa kibarazani,
jioni likaaga.
Hili la Kansas limehamia na virago vyake.
Usiku wa manane ukigusa ukuta, ukuta una homa.
Nyumba hizi zilijengwa kwa kuogopa theluji,
zinafumbata kila kinachoingia,
hazikufundishwa kuachia.

Saa nane nilifika kwa Mzee Orville,
mgane, miaka themanini na sita,
madirisha yote kayafunga
kwa ajili ya mwizi aliyekuja mwaka tisini na moja.
Kiyoyozi kimezimwa. Bili, alisema.
Nikamgusa mgongo: shati kavu.
Kavu, ndani ya tanuri lile!
Mwili ulioacha kutoa jasho
ni kisima kilichofika mwamba.

Sikumsalimu. Walionilea wanisamehe.
Niliwasha kiyoyozi, nikachovya foronya majini,
shingoni, makwapani, viganjani,
maji kwa funda, subiri, funda jingine,
huku nikimuuliza jina la mbwa wake wa zamani,
kidole changu juu ya namba ya dharura,
maana akilikosea lile jina
sina tena la kungoja.
"Dolly," akasema.
Kisha kwa hasira: "Na hakufa. Alichoka."
Nikampigia muuguzi, nikaketi sakafuni,
miguu yangu ikatetemeka peke yake.

Saa kumi na moja, magharibi
ikawa na rangi ya jeraha la juzi.
Ndege wakanyamaza kama waliokatazwa.
Ukaja upepo baridi, mtamu,
nikafungua mlango nimshukuru Mungu.
"Funga!"
Sauti ya mtu ambaye mchana hakuweza kushika kijiko.
"Huo ni mkono unaokupapasa kabla ya kofi."

Mwanga. Moja, mbili, tatu, nne,
ngurumo, na vikombe vikagongana kabatini.
Halafu king'ora.
Kila Jumatatu saa sita hulia kwa majaribio,
nami humenya viazi bila kuinua kichwa.
Leo ni Alhamisi.

Ngazi kumi na mbili kwenda chini ya nyumba.
Yeye kashika bega langu, mimi nimeshika ukuta,
sijui nani alimshusha nani.
Kule chini, matango ndani ya chupa,
kila chupa na mwandiko wa marehemu Wilma.
Akanionyesha pembe isiyo na dirisha.
Akanikataza kugusa bomba.
Akanivika kofia ngumu ya besiboli ya mwanawe,
yeye akajifunika sufuria,
tukakaa hivyo, watu wazima wawili,
nyumba ikilia misumari juu yetu.

Simu ikawaka. Nassoro:
"Nipo bafuni, ndani ya beseni, godoro kichwani,
na paka wa jirani. Ananuka."
Niliusoma mara tano.
Lile neno la mwisho ndilo lililonipa pumzi.

Tulipopanda, mti wa jirani ulikuwa umelala
juu ya gari la jirani,
taratibu, kama mtu aliyechagua.
Waya mmoja ulining'inia barabarani;
nikawafukuza watoto waliokuja kuutazama.
Umeme hakuna. Kesho, redio ya betri ikasema,
mia na nne.

"Saa mbili asubuhi nakufuata," nikamwambia,
"twende maktaba, kuna ubaridi wa bure."
Akafikiri.
"Na Dolly," akauliza, "watamruhusu kuingia?"

Nilimkazia macho muda mrefu,
mkono ukiitafuta simu mfukoni.

Akanikonyeza.