Zamu ya Kushuka

Mimi ni mchimba visima, mtu wa Handali.
Ardhi ya Ugogo naijua kwa tumbo lake:
mchanga, kisha changarawe, kisha lile jiwe jeupe
linalovunja sururu na ndoa.

Mita ya kumi na tisa, Novemba, Chilewa yuko chini,
mimi juu, nimeshika kamba.
Ukuta ukashuka bila kelele, kama mtu anayekaa kitako.
Nikavuta. Nikawa navuta dunia nzima.

Tangu siku hiyo nalala mlango wazi.
Mbwa wa jirani huingia, hunusa, huondoka.

Mirembe nilikwenda kwa kuibia,
maana mtaani jina hilo ni tusi.
Chumba namba sita: Bi Nyemo, mnasihi,
miwani imefungwa kwa uzi.
Kasomea nafsi za watu chuoni,
kisha miaka miwili Sri Lanka, kwa watawa wa Buddha.
"Zaidi nilifagia majani," alisema.

Nikamwuliza: Mama, mimi Mwanglikana.
Huyo Buddha atataka nini kwangu?
"Hata sadaka hataki. Kaa. Hesabu pumzi."

Nikahesabu. Moja. Mbili.
Ya tatu ilikuwa ya Chilewa:
kikohozi chake, vumbi lake kinywani mwangu,
na mimi nimeangusha kiti, niko nje,
nimekumbatia bomba la maji kama mlevi.

Hapo ningemkimbia. Lakini alinifuata,
akavua viatu, mama mzima, mtumishi wa serikali,
akasema: "Nimekosea mlango.
Watawa walinifundisha kuwa pumzi ni nyumba.
Chuoni walinifundisha kuuliza kwanza
nani alifia ndani ya nyumba hiyo.
Tuache pumzi. Tuanze na nyayo."

Basi tukatembea, kila Alhamisi, wodi hadi jikoni,
polepole, mpaka kuku wakatuzoea.
Kisigino. Unyayo. Vidole. Udongo wa moto.
Na katika kutembea nikasema:
zamu ile ya kushuka ilikuwa yangu.
Nilidanganya kwamba mgongo unauma.

Akasimama. Hakusema si kosa lako.
"Sasa hivi, aibu iko wapi mwilini?"
Kooni. Kama punje ya mtama iliyokwama.
"Usiiteme. Usiimeze. Itazame tu."

Siku nyingine alichomoa mwiba wa mgunga kwenye ndala yangu.
"Huu ni mmoja. Wa pili unajichoma mwenyewe,
kila usiku, ukiuliza kwa nini ulichomwa."
Nikamjibu kama wahenga: mwiba uingiapo ndipo utokeapo.
Akaandika daftarini.
Sijui daftari la serikali, au la watawa.

Sijapona. Niandike hivyo hivyo.
Upepo wa Agosti ukiinua vumbi, koo bado hunibana.
Lakini juzi nilikwenda kwa mjane wa Chilewa,
nikamwambia habari ya mgongo.
Alinyamaza mpaka ugali wa uwele ukapoa.
Kisha akasogeza bakuli la mlenda upande wangu,
si kwa msamaha, nadhani;
lilikuwa mbali nami, basi.

Nikapita kisimani. Kimezibwa kwa bati na miiba.
Nikasimama, ndala mkononi.
Kisigino. Unyayo. Vidole.
Chini yangu, mita kumi na tisa.
Na pumzi, ambayo sikuiita,
ikaja yenyewe,
ikakaa.