Leta Bata

Leo wamemweka ndani ya sanduku la kioo,
taa ndogo ikimwangaza kifuani.
Karatasi chini yake yasema: bata dume wa baharini,
mwerezi, rangi ya mafuta, kazi ya mkono,
Elbridge Thaxter, pwani ya Maine.
Haisemi kwamba nilimjua tangu akiwa nguzo.

Nguzo ya simu. Dhoruba iliilaza njia ya gatini,
na babu akafika na msumeno kabla ya watu wa kampuni.
Imejileta, alisema.
Tezo kwanza, kisha kisu cha mikono miwili,
kisha kigae cha chupa, kuukwangua mgongo
hadi ukateleza kama kipara cha mchungaji wetu.
Kichwa alikichonga peke yake, jikoni,
nyayo zikiwa mlangoni mwa oveni,
akakichimbia tundu kiwiliwilini, kikaingia
kama jino linalorudi ufizini.
Macho: vichwa vya misumari ya viatu.
Nyeupe: salio la rangi ya mashua.
Manyoya hakuyachonga. "Bata haangalii manyoya," alisema,
"bata huangalia kama mwenzake ametulia."

Ndio uongo pekee aliowahi kuutunga,
na aliutunga kwa dazeni.

Alfajiri za Novemba aliwatandaza kumi na wawili
kwenye kamba moja, nyuma ya Mwamba wa Kondoo.
Chini ya kila mmoja, mkuku wa risasi, wimbi lisimpindue.
Kisha walio hai huja, chini kwa chini juu ya maji,
wanashusha miguu, wanaamini,
na risasi nyingine inazungumza.
Nyingine hukosea njia, ikaingia ubavuni mwa mti.
Neno moja: moja humsimamisha, moja humtoboa.

Babu alikufa mwezi wa tatu.
Miaka minne baadaye barafu iliziba mlango wa bandari wiki tano.
Makaa yakaisha. Kuni zikaisha.
Banda la kuku likaingia jikoni ubao kwa ubao.
Nilikuwa na miaka tisa. Bibi Lovina, shali mbili mabegani,
hakunitazama aliposema:
"Hester, leta bata."

Mwerezi mkavu hauombwi mara mbili.
Rangi ilitoa ndimi za kijani na harufu ya mashua mpya,
jiko likanguruma, viazi vikaiva.
Kesho yake jioni: "Leta bata."
Sikulia, nisisingiziwe.
Nilikuwa na joto vidoleni mwa miguu
kwa mara ya kwanza tangu Krismasi.
Tulifika kumi na mmoja.
Wa kumi na mbili alikuwa nje, amewekwa kigingi cha mlango wa ghala,
theluji imemfunika. Tulimwona Aprili.
Hivyo ndivyo sanaa inavyosalimika.

Kijana wa mnada, tai ya buluu, ananishika kiwiko.
"Mama, walikuwa wangapi?"
Bei ya huyu mmoja ni mashua mbili na injini zake;
naona midomo yake ikizidisha.
"Kumi na wawili."
"Na wengine?"
"Tuliwaota."
Anafikiri nimesema ndoto. Anatikisa kichwa kwa huruma.
Namwonyesha viganja, namna mtu anavyovinyosha mbele ya jiko.
Kalamu yake inasimama.

Wananipa glavu nyeupe, wananiruhusu nimshike.
Matundu matatu ubavuni, yangalipo.
Ila tumbo limepigwa randa:
mtu fulani, miaka fulani, aling'oa mkuku
ili akae sawa rafuni.
Mtieni majini, nataka kuwaambia,
atabinuka papo hapo, tumbo juu,
na hakuna bata hai atakayedanganyika.

Sisemi. Wanapandisha bei.
Risasi ya wale kumi na mmoja ilitambaa chini ya wavu wa jiko,
ikaganda bapa, na mikunjo, kama ulimi wa ng'ombe.
Ninayo. Upepo ukivuma kutoka baharini
ndiyo inayozuia mlango.