Tawi la Nyamizi

Baba alikata mabehewa stesheni ya Tabora.
Treni ya Dar ikiingia usiku wa manane
alishuka na taa yake, akaachanisha vyuma:
haya ya Kigoma, haya ya Mwanza,
manne ya nyuma ya Mpanda.
Abiria waliendelea kukoroma,
hawajui wameshatengana.

Mimi nakata msimbo.
Chumba cha nyuma, ushirika wa asali, mtaa wa Ng'ambo:
feni moja, kompyuta tatu,
na siafu wanaojua njia kuliko sisi.

Zamani sote watatu tuliandika kwenye shina,
na shina ndilo lililokuwa likilipa watu.
Siku ya mauzo Mihayo akagusa mstari mmoja.
"Kidogo tu," alisema, kama mtu anayeonja chumvi.
Kufika adhuhuri, warina asali sitini na wanne
wa Sikonge na Ipole
walikuwa wamelipwa kana kwamba wameleta madebe matupu.
Mama mmoja aliiweka risiti mezani, akaigeuza,
akaigeuza tena,
labda pesa imejificha upande wa pili.

Tangu siku hiyo shina haliguswi.
Una wazo? Chukua tawi lako,
lipe jina linaloeleweka
(si "jaribio", si "jaribio-jipya",
si "hili-ndilo-la-mwisho-kweli", Mihayo)
kisha potelea humo. Vunja. Unguza.
Kilo igeuke gramu, gramu zigeuke radi,
kwenye shina watu wanalipwa
na hakuna anayeshtuka usingizini.

Jioni unaleta ulichofanya.
Mwenzako anasoma mstari kwa mstari:
mbona hapa, mbona pale.
Kuulizwa kunauma. Mara ya kwanza nilinuna siku mbili.
Akiridhika anaunganisha, tawi linafutwa,
inabaki kazi.

Mara moja tu mashine ilikataa.
Mstari wa mia mbili na kumi na mbili:
mimi nimeutoa uzito wa debe kabla ya kuchuja,
Mihayo ameutoa baada ya kuchuja.
Mashine ikaweka maneno yangu juu, yake chini,
ikachora alama katikati
na kunyamaza. Haijui asali.
Tulibishana mpaka chai ikapoa,
mpaka umeme ukakatika,
ndipo tukavuka uwanja hadi ghalani
kwa Kalunde, mwenye mizani.
Alitutazama, mikono inanata.
"Debe nalipima likija, nalipima likiondoka.
Haliondoki tupu. Asali hung'ang'ania ukuta."
Tukarudi gizani, wote tumekosea,
tukaandika mstari wa tatu.

Liko tawi moja silifuti.
Nyamizi aliliacha mwezi Machi
alipopata kazi Mpanda,
akapanda moja ya yale mabehewa ya nyuma.
Linaitwa "lipa-kwa-simu". Nusu yake haisimami.
Shina limeshapiga hatua mia tatu
tangu pale lilipochepuka;
ukijaribu kuliunganisha leo, kila faili litalia.
"Futa," Mihayo kasema mara tatu, "linachafua orodha."
Nami nasema ndiyo, kesho.

Wenzangu wakishaondoka nalifungua.
Nasoma maelezo aliyoacha kando ya mistari:
"Hapa namba zikianza na sifuri, angalia."
"Hapa sijui bado. Nitarudi."

Juzi nilinyofoa kipande humo, mistari tisa,
ile hesabu yake ya namba za simu,
nikakipandikiza kwenye tawi langu, nikakijaribu,
kikashika.
Jina lake likaja nacho,
na ile tarehe ya Machi.

Jioni nikampa Mihayo asome.
Alisoma polepole, kidole kwenye kioo.
Alipofika kwenye jina akasimama kidogo,
akavuta kiti,
akaunganisha.
Hakuuliza mbona hapa, mbona pale.